Kula vizuri kwa euro kumi Berlin: mwongozo kamili wa migahawa ya Kiasia ya bei nafuu

Ukifika Berlin kwa masomo au kazi, chakula cha moto cha bei nafuu utakachokikuta karibu na kila kituo cha treni ni cha aina mbili: kebabu ya Kituruki na chakula cha Kiasia. Kebabu unaielewa siku ya kwanza. Migahawa ya Kiasia ndiyo inayowasumbua wengi. Menyu ina namba zinazopita mia, kila jina la chakula limefuatwa na herufi na tarakimu ndogo ndogo, maji yanalipiwa, mhudumu anauliza swali la haraka, na mwisho unatoa euro ishirini na kitu kwa chakula ambacho jirani yako wa meza ya pili kakila kwa kumi.

Tofauti hiyo mara nyingi haitokani na chakula. Inatokana na saa uliyoingia, kinywaji ulichoagiza na jinsi ulivyosoma menyu. Mtu akizijua taratibu za hapa, atakula sahani kubwa, iliyopikwa muda huo huo, kwa bei ambayo hata mwanafunzi anaimudu mara moja moja kwa wiki. Naandika kwa kuitazama Berlin kwa sababu ndiyo ninayoijua, ila karibu yote yanafaa pia Leipzig, Hamburg, Frankfurt au Köln. Bei ninazotaja ni za kukadiria, na zinapanda kila mwaka.

Wanaokupikia ni akina nani

Sehemu kubwa ya migahawa midogo ya Kiasia Berlin ni ya Wavietnamu, hata ile iliyoandikwa "China" au "Sushi" mlangoni. Mwaka 1980 serikali ya Ujerumani Mashariki ilitiliana saini na Vietnam mkataba wa kuleta wafanyakazi wa viwandani, na kufikia 1989 walikuwa wapatao 60,000. Waliishi mabwenini wakafanya kazi kwenye viwanda vya nguo na vya mashine. Ndugu zetu wa Msumbiji nao walikuja kwa mkataba wa aina hiyo hiyo, wa mwaka 1979. Na ni serikali hiyo hiyo iliyokuwa imesaidia kujenga majumba ya Michenzani kule Unguja.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989, viwanda vilifungwa na mikataba ikavunjwa. Wengi walirudishwa kwao. Waliobaki walitakiwa waonyeshe kwamba wanajitegemea ndipo wapewe ruhusa ya kuishi, wakaingia kwenye biashara ndogo ndogo: maua, mboga, nguo na vibanda vya chakula. Ujerumani Magharibi walikuwapo Wavietnamu wengine, wakimbizi waliokimbia kwa mashua, baadhi yao wakiokolewa baharini na meli ya Kijerumani iitwayo Cap Anamur kuanzia 1979.

Historia hii inakusaidia kusoma menyu. Kizazi kile cha kwanza kilipika kile ambacho Mjerumani alikuwa tayari kununua: tambi za kukaanga, bata mkavu juu ya wali, mchuzi mtamu wenye uchachu. Watoto wao, waliozaliwa hapa, ndio waliofungua migahawa ya chakula cha nyumbani hasa. Kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na vyote viwili, kila kimoja na bei yake na utaratibu wake.

Hatua ya 1: Chagua aina ya mgahawa kabla ya kuchagua chakula

Cha bei ya chini kabisa ni "Asia-Imbiss", kibanda au chumba kidogo chenye kaunta, wok (karai za Kiasia) mbili tatu juu ya moto mkali na viti vichache. Unaagiza kaunta, unalipa papo hapo, unakula kwa dakika kumi na tano. Tambi za kukaanga na kuku hapa ni kama euro 6 hadi 8. Usitegemee maajabu, lakini chakula ni cha moto na unakiona kikipikwa.

Juu yake kuna bistro la Kiasia lenye kila kitu: sushi, mchuzi wa Kithai, supu ya Kivietnamu, bata wa Kichina. Menyu ni ndefu. Ukikaa mezani utahudumiwa, na sahani ni euro 10 hadi 15. Ubora unatofautiana sana. Mimi huwa na wasiwasi na jiko linalodai kujua kupika vyakula vya nchi tano.

Halafu kuna mgahawa wa chakula kimoja: wa phở tu (supu ya tambi ya Kivietnamu), wa tambi za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou, mji wa China, wa vyakula vya jimbo la Sichuan, China, wa Kikorea. Menyu yake ni fupi, wakati mwingine ukurasa mmoja. Kama una euro 12 za kutumia, zitumie hapa. Anayepika supu moja kila siku ana sababu ya kuipika vizuri.

Mabafe ya kula mpaka ushibe nayo yapo, ya bei ya chini mchana kuliko jioni. Siyasemi vibaya, yanafaa kwa familia yenye watoto wanaochagua chagua, ila bei ya kinywaji huko huwa inafidia kile ulichodhani umeokoa.

Kuhusu mitaa, Kantstraße katika Charlottenburg ndiyo yenye historia ndefu. Wanafunzi wa Kichina walikaa maeneo hayo miaka ya 1920, na mgahawa wa Kichina ulifunguliwa hapo mwaka 1923. Shuka kituo cha S-Bahn (treni ya mjini) cha Savignyplatz, utaikuta migahawa mfululizo. Kwa chakula cha Kivietnamu nenda Lichtenberg upande wa mashariki, nitaeleza mwishoni. Kreuzberg, Neukölln na Friedrichshain zina migahawa mingi ya Kihindi na Kivietnamu ya bei ya wanafunzi. Ukiwa na safari ya Düsseldorf, mtaa wa Immermannstraße ni wa Wajapani, na bakuli la ramen (supu ya tambi ya Kijapani) la pale lina sifa Ujerumani nzima.

Kabla ya kutoka nyumbani fungua ramani ya simu, tafuta picha za menyu zilizowekwa na wateja, na angalia tarehe ya picha. Picha ya miaka mitatu iliyopita itakudanganya bei.

Hatua ya 2: Nenda mchana

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa kuliko zote. Siku za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, migahawa mingi ina bei ya mchana, kwa kawaida kati ya saa tano na nusu asubuhi na saa tisa alasiri. Tafuta ubao uliosimamishwa nje, au karatasi iliyobandikwa kioo cha mlangoni, yenye neno "Mittagstisch", "Mittagsmenü" au "Mittagsangebot". Sahani ile ile ya euro 14 jioni inaweza kuwa euro 9 mchana, na mara nyingine imeongezewa supu ndogo au sambusa mbili za Kivietnamu.

Soma maandishi madogo chini ya bei. Ukiona "außer an Feiertagen", maana yake sikukuu haihesabiki. Menyu ya mchana mara nyingi ni karatasi ya pekee, na ukikaa unaweza kuletewa kitabu kikubwa cha kawaida bila ile karatasi. Iombe: "Haben Sie eine Mittagskarte?"

Migahawa mingine hufunga jiko alasiri kati ya saa tisa na saa kumi na moja au zaidi, na mingine hupumzika siku nzima mara moja kwa wiki. Siku hiyo inaandikwa "Ruhetag", na mara nyingi ni Jumatatu. Jumapili, maduka ya vyakula karibu yote Ujerumani yamefungwa kisheria, lakini migahawa iko wazi. Mgeni aliyesahau kununua mchele Jumamosi ndipo anapoiona thamani ya Imbiss.

Hatua ya 3: Kuingia na kukaa

Salimia unapoingia. "Hallo" inatosha, na "Guten Tag" ni ya heshima zaidi. Kwenye Imbiss nenda moja kwa moja kaunta. Kwenye mgahawa mdogo unaruhusiwa kuchagua meza mwenyewe, mradi haina kibao cha "Reserviert". Mgahawa mkubwa au wa jioni uliojaa, simama mlangoni mhudumu akuone, onyesha kwa vidole mko wangapi.

Saa za mchana watu huketi meza moja bila kujuana. Uliza "Ist hier frei?", na ukikubaliwa kaa, kula, si lazima mzungumze. Ukimaliza, waage: "Tschüss". Jambo jingine la kujiandaa nalo ni mbwa. Sehemu nyingi wanaruhusiwa ndani na hulala chini ya meza ya mwenyewe. Kama hupendi kuwa karibu nao, angalia chini kabla ya kuvuta kiti.

Hatua ya 4: Soma menyu kwa utulivu

Karibu kila chakula kina namba, na watu huagiza kwa namba bila aibu yoyote, Wajerumani wenyewe wakiwamo. Huhitaji kutamka "Gebratene Nudeln mit Hühnerfleisch". Sema "Die Zweiundvierzig, bitte", yaani namba 42, au weka kidole juu yake. Kijerumani hutanguliza tarakimu ya mwisho, mbili na arobaini, kwa hiyo ukiitiwa namba kaunta sikiliza vizuri.

Jifunze maneno machache tu, yatakufungulia menyu yote. "Gebraten" ni ya kukaanga, "knusprig" ni iliyokaushwa kwa kukaangwa mpaka inavunjika kwa mlio ukiitafuna, "gedämpft" ni ya mvuke. "Huhn" au "Hähnchen" ni kuku, "Ente" ni bata, "Rind" ni ng'ombe, "Garnelen" ni kamba, "Tintenfisch" ni ngisi, "Schwein" ni nguruwe. "Reis" ni wali, "Nudeln" ni tambi. "Erdnuss" ni karanga, na "Kokosmilch" ni tui la nazi. Mtu wa pwani asiyejua aanzie wapi, aanze na mchuzi mwekundu au wa manjano wa tui, "rotes Curry" au "gelbes Curry". Mchaichai na majani ya ndimu ndiyo yanayoutofautisha na mchuzi wetu wa nazi.

"Süß-sauer" ni ile sosi nyekundu yenye sukari na siki. Watoto wanaipenda. Mtu mzima aliyelelewa na pilipili na ndimu huenda akaishia nusu sahani, namwonya mapema.

Picha ya pilipili pembeni ya jina inamaanisha ukali, lakini ukali uliopimwa kwa ulimi wa Mjerumani. Pilipili moja ni karibu na hakuna. Kama unaitaka hasa, sema "bitte richtig scharf", au omba pilipili ya pembeni: "Haben Sie Chili?" Utaletewa iliyokatwa ndani ya kibakuli, au chupa ya sosi nyekundu. Onja kwanza, maana zile nyembamba ndogo za Kithai haziko nyuma ya pilipili kichaa.

Sasa zile herufi na tarakimu. Sheria ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Desemba 2014, inalazimisha kila mgahawa utaje aina 14 za vitu vinavyoweza kuleta mzio: ngano na nafaka za jamii yake, mayai, samaki, kamba na jamii yake, kombe na ngisi, karanga, korosho na kokwa nyingine, soya, maziwa, ufuta, haradali na kadhalika. Migahawa mingi hutumia herufi kwa vitu hivi, na tarakimu kwa viongezo kama rangi, vihifadhi na kikoleza ladha, ambacho huandikwa "Geschmacksverstärker". Ufunguo uko ukurasa wa mwisho au chini kabisa ya menyu. Usichukue herufi uliyoijua mgahawa mmoja ukaitumia mgahawa mwingine, kila mmoja una mpangilio wake. Kama wewe au mtoto wako hula karanga akavimba, usitegemee karatasi pekee, sema kwa mdomo: "Ich bin allergisch gegen Erdnüsse." Kwenye Imbiss wok moja hupika kila kitu, na karanga zimo katika sosi nyingi.

Kwa asiyekula nguruwe, na kwa anayetafuta halali

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu wanapokwama.

Nguruwe hajitangazi kila mara kwenye jina la chakula. Sambusa ndefu za kukunja, "Frühlingsrollen", za Kivietnamu mara nyingi zina nguruwe wa kusaga, ingawa zile ndogo za mboga hazina. "Wan Tan" kwenye supu kwa kawaida ni nguruwe, peke yake au pamoja na kamba. Bún chả ni nguruwe wa kuchoma. Mkate wa bánh mì hupakwa maini ya kusaga, ambayo mara nyingi ni ya nguruwe, hata kama juu umeagiza kuku. Supu ya ramen iitwayo tonkotsu hutokana na mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi, kwa hiyo kuondoa vipande vya nyama hakusaidii kitu. Mapo tofu (tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa), unayoweza kudhani ni chakula cha mboga, hutiwa nyama ya kusaga. Na kwenye mgahawa wa Kichina, ukiona "Fleisch" bila kutajwa mnyama, chukulia ni nguruwe mpaka uambiwe vinginevyo. Maneno "Schinken", "Speck" na "Hackfleisch" nayo yakuamshe. Mawili ya kwanza ni nguruwe, la tatu ni nyama ya kusaga ambayo lazima uulize ni ya nini.

Sentensi mbili zihifadhi kwenye simu: "Ich esse kein Schweinefleisch", sili nguruwe, na "Ist da Schweinefleisch drin?", humu mna nguruwe? Wahudumu wamezizoea na hawachukii. Mwenye mgahawa Mvietnamu atakuambia ukweli, na mara nyingi atakubadilishia kwa kuku au tofu bila kuongeza bei.

Halali ni suala jingine. Kuku na ng'ombe wa migahawa mingi ya Kivietnamu na Kichina hawakuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, na mvinyo wa mchele hutumika kulainisha nyama au kutia ladha kwenye sosi. Anayetaka uhakika atafute mgahawa wa Wauyghuri (Waislamu wa magharibi mwa China), wa Waindonesia, au wa Wapakistani na Wabangladeshi, ambako alama ya halali huwekwa dirishani. Tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou asili yake ni Waislamu wa Kihui wa China, lakini si kila mgahawa unaozipika Berlin ni wa Waislamu, kwa hiyo uliza: "Ist das Fleisch halal?" Njia ya tatu ni mgahawa wa Kivietnamu usiotumia nyama kabisa, ulioandikwa "vegan". Berlin inayo mingi, na tofu na uyoga wanavipika kwa ufundi ambao sikuutarajia kabla ya kuja huku. Hapo unabaki kuulizia pombe kwenye sosi tu.

Hatua ya 5: Kinywaji ndicho kinachotoboa mfuko

Maji hayaji mezani bure. Ukisema "Wasser" tu utaulizwa ya gesi au bila gesi, "mit oder ohne?", kisha utaletewa chupa ya euro 3 au zaidi. Chupa kubwa ya lita 0.75 inaweza kufika euro 6 au 7, ambayo ni nusu ya sahani yako. Mgahawa haulazimiki kukupa maji ya bomba. Unaweza kuomba "ein Glas Leitungswasser" pamoja na kinywaji kingine, wengine watakupa kwa moyo mweupe, wengine watakataa, na hakuna ubaya.

Yale majagi mazuri ya ndimu, nanaa na tangawizi yanayopita mbele yako yanauzwa euro 5 na kuendelea. Ni matamu kweli, ila yahesabu kama sehemu ya mlo. Cha nafuu zaidi mara nyingi ni chai ya yasmini au ya kijani, na kwenye birika dogo inatosha watu wawili. Kuna sheria nzuri ya Ujerumani ya kuijua: mgahawa unaouza pombe lazima uwe na angalau kinywaji kimoja kisicho na pombe ambacho, kwa kipimo kile kile, hakizidi bei ya pombe ya chini kabisa. Kitafute kwenye orodha.

Kwenye Imbiss hakuna anayekushurutisha ununue kinywaji. Mgahawani ukikaa jioni bila kuagiza chochote cha kunywa, si kosa la kisheria, lakini wenye mgahawa wanategemea vinywaji ili waendelee, na mimi jioni huwa naagiza walau chai.

Hatua ya 6: Bakuli la phở linapofika

Nimelichagua bakuli hili kwa sababu ndilo chakula bora unachoweza kununua kwa euro 11 au 12 siku ya baridi ya Januari. Supu ni ya mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa saa nyingi pamoja na mdalasini, kiungo chenye umbo la nyota, tangawizi na kitunguu vilivyobabuliwa motoni. Chini kuna tambi pana za mchele, juu nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, majani ya kitunguu na giligilani. Phở bò ni ya ng'ombe, phở gà ni ya kuku.

Kwanza onja supu tupu kwa kijiko, kabla hujatia kitu. Hapo ndipo unapojua jiko la watu hawa. Kisha chukua kile kisahani cha pembeni: chuma majani ya mrihani kwa mkono uyatupie ndani, kamua kipande cha ndimu, tia machipukizi ya choroko kama yapo, pilipili vipande viwili vitatu. Sosi nyeusi na nyekundu zilizo mezani usizimwage zote kwenye supu, zitafunika kazi ya saa nyingi. Wengi huzitia kwenye kibakuli na kuchovya nyama. Mkono wa kulia ushike vijiti vya tambi, wa kushoto kijiko cha supu. Hujui vijiti? Omba uma, "eine Gabel, bitte", utapewa hapo hapo. Kuvuta tambi kwa sauti kidogo kunakubalika, na kuliinua bakuli kumalizia supu pia.

Vyakula vingine havihitaji maelezo mengi. Sahani ni ya mtu mmoja, si ya kuchangia kama sinia, isipokuwa kwenye migahawa ya Kichina ya Kantstraße ambako watu wanne huagiza sahani nne na kula pamoja. Mkiwa kundi fanyeni hivyo. Mtakula aina nyingi kwa bei ile ile.

Hatua ya 7: Kulipa

Bili haiji yenyewe, kwa sababu kukuletea bila kuomba ni kama kukufukuza. Inua mkono kidogo, sema "Zahlen, bitte". Mhudumu atauliza "Zusammen oder getrennt?", pamoja au kila mtu chake? Ujerumani kila mtu kulipa chake ni kawaida hata kwa marafiki wa siku nyingi, na kualikwa twende tukale si ahadi ya kulipiwa. Anayekusudia kukulipia atasema waziwazi: "Ich lade dich ein." Na kwenye sherehe ya kuzaliwa, mara nyingi mwenye siku yake ndiye anayewalipia wengine. Liweke hilo moyoni kabla hujatangaza siku yako.

Uliza mapema namna ya kulipa. Migahawa midogo mingi ya Kiasia bado inapokea pesa taslimu tu. Utaona "Nur Barzahlung" mlangoni, au "Karte ab 10 Euro", yaani kadi kuanzia euro kumi. Nyingine zinapokea kadi za benki za Kijerumani pekee na si Visa au Mastercard. Tembea na noti ya ishirini.

Bei ya menyu tayari ina kodi. Bakshishi ni hiari, na mhudumu kisheria ana kima cha chini cha mshahara, ambacho tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Lakini desturi ni kuongeza kati ya asilimia 5 na 10 pale unapohudumiwa mezani. Kwenye Imbiss, sarafu kwenye kikopo cha kaunta inatosha. Usiiache mezani ukaondoka. Hapa inatajwa wakati wa kulipa. Bili ikiwa euro 11.90, unampa noti ya ishirini na kusema "dreizehn", kumi na tatu, naye anakurudishia saba. Ukitoa kiasi kamili pamoja na bakshishi, sema "Stimmt so", yaani usinirudishie chenji.

Jihadhari na neno moja hapo. Ukikabidhi noti ya ishirini kwa bili ya 17 huku ukisema "Danke", mhudumu anaweza kuelewa kwamba umemwachia iliyobaki. Shukrani itoe baada ya chenji kuwa mkononi. Mashine ya kadi nayo huonyesha asilimia za bakshishi, na si lazima ubonyeze kubwa. "Kein Trinkgeld" ni bila bakshishi. Tangu 2020 biashara yenye mashine ya elektroniki lazima itoe risiti, kwa hiyo iangalie kabla ya kusimama, hasa kama bei ya mchana imeingizwa kweli.

Kufunga na kubeba

Sahani za hapa ni kubwa, na kubeba kilichobaki ni heshima kwa mpishi. Sema "Können Sie das einpacken?" Wengine hutoza senti kadhaa za boksi. Ukiagiza cha kubeba tangu mwanzo, neno ni "zum Mitnehmen". Sheria ya tangu Januari 2023 inataka migahawa itoe pia vyombo vya kurudishwa, na ile midogo yenye wafanyakazi wasiozidi watano na eneo lisilozidi mita 80 za mraba lazima ikubali kujaza chombo chako mwenyewe. Nenda na kontena lako safi, utakubaliwa.

Soda ya kopo au ya chupa ya plastiki kwa kawaida ina amana ya senti 25. Usiitupe, irudishe kwenye mashine ya supamaketi lolote kubwa.

Ukiletewa kisicho chako, sema kabla ya kugusa: "Entschuldigung, das habe ich nicht bestellt." Kwa sauti ya kawaida, bila kusubiri. Ukikila nusu ndipo ulalamike, umeshakikubali.

Ukitaka kwenda mbali zaidi: Dong Xuan Center

Panda tramu ya M8 kuelekea Lichtenberg, ushuke Herzbergstraße/Industriegebiet. Ni soko la jumla la Wavietnamu, lililojengwa kwenye eneo la kiwanda cha zamani cha Ujerumani Mashariki, lenye kumbi ndefu zenye namba. Ndani kuna vinyozi, maduka ya nguo, maua ya plastiki, vifaa vya saluni za kucha, na katikati ya hayo migahawa ambamo karibu kila mteja ni Mvietnamu. Menyu nyingine zina picha ukutani na Kijerumani kidogo sana, kwa hiyo nenda kwa kidole na kwa namba. Supu ni nzito zaidi, majani ni mengi zaidi, na sentensi yako ya nguruwe itahitajika zaidi kuliko mjini, maana hapa hawakumpikia Mjerumani.

Soko hufungwa Jumanne. Nenda mchana siku ya kazi, na pesa taslimu, na mfuko mkubwa. Ukimaliza kula, pita kwenye maduka ya vyakula ya kumbi hizo hizo: bamia, mihogo iliyogandishwa, mchele kwa magunia, tangawizi na pilipili kwa bei ambayo supamaketi za mjini hazikupi.